Nyaya Zilizoanikwa

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema ili mtu asinicheke katikati ya safari. Naogopa mbwa hata waliofungwa, naogopa ngazi, naogopa simu inayoita alfajiri. Mume wangu husema nikikiona kivuli changu nakisalimia kwanza, nisije nikakiudhi. Namjibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, naye huondoka akipiga mluzi. Lakini katika vyote ninavyoviogopa, hakuna nilichokiogopa kama kile chumba cha mwisho kwenye korido yetu.

Kilikuwa stoo. Kushoto kwake kuna chumba cha mama mkwe wangu. Kulia kuna chumba changu cha kushonea, chenye cherehani mbili, majora ya vitambaa hadi karibu na dari, magunia ya vipande vilivyobaki na sponji za mito. Ukitaka kuteketeza nyumba kwa njiti moja ya kiberiti, usihangaike kutafuta pengine. Hapo katikati ndipo mume wangu alipoamua kuweka mashine zake za kuchimba sarafu za mtandaoni.

Mume wangu hutengeneza mashine za fotokopi maofisini. Rafiki zake humwita Megawati, jina alilolipata siku alipozima umeme wa jengo zima la ofisi kwa bisibisi moja. Mwaka ule kazi zilikuwa zimepungua, akawa mtu wa kukaa ukutani akiangalia vidole vya miguu yake. Ndipo akamjua mtu aliyekuwa akiuza mashine mbili zilizotumika, akazileta nyumbani kwenye mkokoteni akiwa amezifunika blanketi kama wagonjwa.

"Zinachimba nini?" mama mkwe akauliza.

"Sarafu, mama."

"Shimo liko wapi?"

"Hakuna shimo. Zinapiga hesabu, mama. Hesabu nyingi mno, mchana na usiku, na zikipata jibu tunalipwa."

Mama mkwe akazizunguka zile mashine, mikono mgongoni. "Na wewe shuleni ungepiga hesabu namna hiyo," akasema, "leo tungekuwa mbali."

Tulicheka wote watatu. Nilikuwa sijamwona mume wangu akicheka kwa muda mrefu, na hilo ndilo lililonifunga mdomo baadaye. Ukimwona mtu wako amefufuka, huwi na haraka ya kumrudisha kaburini.

Mashine zile zilikuja bila makasha yake ya umeme, kwa hiyo Megawati akatumia pawa saplai za kompyuta. Kwa asiyejua, hilo ni lile kasha la chuma lenye feni lililo ndani ya kompyuta ya mezani. Linauchukua umeme mkali wa ukutani, linautuliza, linaugawa kwa nyaya. Alipata nne: mbili mpya za aina moja, na mbili kuukuu za aina nyingine, kutoka kwa fundi aliyekuwa akifunga duka. Kwa kawaida kompyuta ndiyo inayoliambia kasha liwake. Kwa kuwa pale hapakuwa na kompyuta, alichukua kipande kifupi cha waya akaunganisha tundu la kijani na tundu jeusi.

"Tunalidanganya kwamba kompyuta ipo," akanieleza.

"Kwa hiyo umeme ukirudi linawaka lenyewe?"

"Lenyewe."

"Hata kama hakuna mtu?"

"Hata kama sote tumelala fofofo," akasema kwa fahari. Mimi mwili ulinisisimka.

Wiki ya kwanza tu pua yangu ikaanza kazi. Fundi cherehani anajua harufu za kuungua. Pamba ikiunguzwa na pasi inanuka karatasi, sufu inanuka nywele, nailoni inakuingia kooni na kukufanya ukohoe. Harufu niliyoisikia ikitoka stoo haikuwa mojawapo. Ilikuwa tamu kidogo, ikinata. Nilimvuta mume wangu kwa shati mpaka kwenye mashine, tukakuta kiunganishi kimoja kimegeuka rangi ya kahawia na kulainika kama mshumaa. Kumbe alitumia kiwaya chembamba kilichotengenezwa kwa ajili ya diski, kikabebeshwa mzigo wa bodi nzima ya mashine.

"Hii kitu itatuunguza," nikamwambia. Tulikuwa koridoni, mama mkwe anakunja nguo chumbani kwake, mlango wazi. "Mama analala ukuta wa pili. Ondoa hii kitu."

"Wewe shona nguo," akasema. "Umeme niachie mimi."

Alilisema kwa ukali ambao si wake. Nikaingia chumbani kwangu nikashona pindo la suruali lile lile mara mbili, na sikulisema neno hilo tena.

Nisimwonee lakini. Yeye naye aliogopa, ila hofu yake ilitokea mikononi badala ya mdomoni. Alimwita fundi umeme akavuta laini nene ya stoo peke yake, na swichi kubwa yenye kijitaa ukutani karibu na mlango. Akaleta ndoo ya mchanga. Akasoma, akauliza, akawa na masharti mengi kuliko mganga. Bodi moja ilishwe na pawa saplai moja, usiigawanye kati ya mbili. Kasha lisibebeshwe mzigo wote lilioandikiwa, liachiwe nafasi ya kupumua. Na sharti kubwa kuliko yote: waya wa aina hii ya pawa saplai usiuchomeke kwenye aina ile, hata kama unaingia.

"Si hazitaingia tu?" nikauliza.

"Zinaingia. Ndiyo ubaya wake."

Nyaya zote zilikuwa nyeusi, vichwa vimefanana kama punje za mahindi. Hapo ndipo nilipotoa mchango wangu. Nilileta uzi mwekundu nikafunga kwenye kila waya wa makasha mapya, na uzi wa buluu kwenye kila waya wa makuukuu, mafundo madogo mawili mawili, mkia mfupi. Na kwenye makasha yenyewe vilevile. Mume wangu alifurahi akanibusu kwenye paji la uso. Nikalala vizuri siku ile, ya kwanza na ya mwisho.

Hatukumwambia mama mkwe maana ya nyuzi zile. Nani angefikiri? Yeye alikuwa hagusi mashine. Lakini inabidi mjue jambo moja juu yake. Nyumba ya fundi cherehani imejaa vijiuzi: kwenye makochi, kwenye sabuni, kwenye nyusi. Mama mkwe aliviona vijiuzi hivyo kuwa aibu ya ukoo. Hakuna aliyetoka mlangoni kwetu kabla hajageuzwa huku na huku na kutolewa vijiuzi, iwe mimi, mwanawe, wateja wangu, hata yule kijana msomaji wa mita za maji ambaye alisimama wima kama askari akisafishwa mabega. "Watu watasema nini?" ndiyo ilikuwa kauli yake.

Miezi ya baridi ilipoingia alihamishia kigoda chake stoo. Zile mashine zikivuma zinatoa joto kama jiko la mkate, na magoti yake yalikuwa yakimsumbua. Akawa anakaa humo tangu asubuhi, karibu na mlango, anachambua hiki na kushona kile. Mimi kila nikipita na kumwona amekaa na zile feni, nilipunguza mwendo nikanusa hewa. Nilimwambia mume wangu. Akasema mwache mama aote joto, nyumba haina hita nyingine. Nikamwambia mama mwenyewe kwa upole kwamba hewa ya mle ni nzito.

"Mimi nimekula chumvi nyingi, mke mwanangu," akanijibu. "Hewa nzito hainiui."

Baridi ikaisha, kigoda hakikutoka. Nikasema ni mazoea ya wazee.

Siku yenyewe umeme ulikatika asubuhi. Hilo halikuwa jambo la ajabu. Ulikuwa unakatwa kwa zamu, mtaa huu leo, mtaa ule kesho, na kurudi wakati wowote wanaopenda wao. Mume wangu alikuwa ameshaondoka kwenda kutengeneza fotokopi upande wa pili wa mji. Mimi nilibeba sare za wauguzi nikazipeleka zahanati. Kwa kweli umeme ukiwa umekatika ndipo nilipokuwa napumua. Ile kelele inaponyamaza, hata mabega yangu yanashuka.

Nilikuwa nimepiga magoti, pini mdomoni, napima pindo la gauni la muuguzi, simu ikaita. Mama mkwe.

"Mke mwanangu," akasema, sauti imejaa furaha ya mtu aliyemaliza kazi. "Ukirudi usishangae. Nimewasafishia kile chumba. Umeme ulipokatika nikasema leo ndiyo leo. Vumbi lililokuwa mle, ungeweza kupanda mahindi."

Nikazitema pini mkononi. "Umefagia, mama?"

"Nimefagia, nimepangusa, nyaya nimezichomoa zote nikazifuta kwa kitambaa cha sabuni, nikazianika."

"Umezianika wapi?"

"Kwenye kamba ya nguo, na vibanio. Zimekauka kabisa. Nimeshazirudisha."

"Umejuaje ipi ni ya wapi?"

"Hazina shida, zote sawasawa. Kila moja imeingia vizuri, hakuna hata moja iliyokataa. Na vijiuzi vyako nimevitoa vyote, sijui vilinasa vipi kule nyuma. Mwenzangu, punguza vijiuzi."

Nilisimama. Yule muuguzi alinishika kiwiko, nadhani alifikiri nazimia.

"Mama, uko wapi sasa hivi?"

"Nimo humu humu. Nimefunga mlango vumbi lisirudi."

"Mama, toka humo chumbani. Toka sasa hivi, na ile swichi—"

Simu ikakatika. Nikapiga tena, haipatikani. Nikapiga tena. Simu yake huwa haichajiwi mpaka izimike, na umeme wa kuichajia ndio huo haukuwepo. Sikujua amesikia mpaka wapi.

Nikampigia mume wangu huku natembea, huku nakimbia, sare zimebaki sakafuni.

"Mama amezichomoa nyaya zote," nikamwambia. "Amezirudisha ovyo. Nyuzi amezitoa."

"Zote?"

"Zote!"

Nilisikia mtu ofisini akimuuliza kama mashine imepona.

"Sikiliza," akasema, na sauti haikuwa ya Megawati, ilikuwa ya mtoto wa mtu. "Waya wa mpya ukiingia kwenye kuukuu, matundu hayana mpangilio mmoja. Panapotakiwa kupeleka umeme ndipo huenda panapotakiwa kuurudisha."

"Lakini zitajizima. Ulisema zina kinga ndani."

"Mpya zina kinga."

"Na kuukuu?"

Nikamsikia akiangusha bisibisi.

"Na ile swichi kubwa ya fundi? Haitakata?"

"Haitajua. Kwake ni mzigo wa kawaida tu. Waya utaungua nayo inatazama." Akavuta pumzi. "Mama yuko wapi?"

"Yumo ndani, na mlango ameufunga."

"Kimbia," akasema. "Mke wangu, kimbia."

Nikavua viatu nikavishika mkononi. Taa za kuongozea magari zilikuwa zimezimika, magari yamejibana njia panda, hakuna gari wala pikipiki ambayo ingenifikisha upesi kuliko miguu yangu. Mwanamke wa umri wangu akikimbia peku mchana watu hudhani ameibiwa au ameiba, wakanipisha. Nikapita kinyozi amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, mashine ya kunyolea mapajani, anasubiri. Nikamshukuru Mungu kwa kinyozi asiye na kazi. Nikapita mashine ya kusaga, imenyamaza, akina mama wamekaa juu ya madebe yao. Nikashukuru tena. Kila aliyekaa bure siku ile nilimpenda.

Kisha nyuma yangu nikasikia friji za duka la vinywaji zikianza kuguna, moja baada ya nyingine. Bango la saluni likawaka taa za pinki. Muziki ukapasuka kutoka mahali fulani katikati ya wimbo, na watu wakapiga kelele za furaha.

Mtaa wetu uko laini nyingine. Kwetu umeme hurudi baada ya huu. Wakati mwingine baada ya muda mrefu, wakati mwingine baada ya kufumba na kufumbua tu. Nilikuwa naomba kwa sauti, sijui nilikuwa nasema nini. Niliomba waliokata umeme wawe wazembe leo kama walivyo siku zote, mtu aende kunywa chai asahau, nasi tukae gizani hata mwezi mzima.

Nilifika getini nikalisukuma kwa bega. Limefungwa kwa komeo la ndani. Mama mkwe haachi geti wazi akiwa peke yake, tangu jirani mmoja aibiwe ndoo. Nikaligonga kwa kiatu, nikaligonga kwa ngumi, nikaita mpaka sauti ikakwaruza. Sikio lake la kushoto lilishastaafu, na kutoka stoo mlango ukifungwa husikii hata mvua.

"Kuna nini, shemeji?"

Alikuwa jirani yetu, fundi anayechomelea mageti, tunamwita Cheche. Alikuwa amekaa mlangoni pa karakana yake, miwani myeusi imepandishwa kwenye paji la uso, naye anasubiri umeme kama dunia nzima.

"Fungua hili geti! Livunje! Mama yuko ndani, umeme ukirudi anaungua!"

Hakuuliza swali la pili. Akachukua mtaimbo, akauchomeka kwenye ufa karibu na komeo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake namwangalia mgongoni, na juu ya bega lake naiona karakana, na ndani ya karakana balbu moja ikining'inia kwa waya wake, imezimika. Niliitazama balbu ile kama ninavyotazama mtoto anayetembea ukingoni mwa kisima.

Balbu ikawaka.

Kutoka ndani ya nyumba yetu ukaja mlio mmoja, paa! Mfupi, kama ubao umevunjwa gotini. Kisha ikaja ile harufu. Tamu, inanata, mara hii si kidogo, ikapita juu ya ukuta na kunipata pale nilipo. Nadhani nilipiga ukelele. Geti likaachia, Cheche akaanguka nalo ndani, nami nikapita juu ya mgongo wake. Sikumwomba radhi mpaka kesho yake.

Korido ilikuwa na moshi wa kijivu uliokaa chini ya dari. Mvumo wa mashine haukuwepo, hilo nililigundua baadaye. Nikafungua mlango wa stoo.

Mama mkwe alikuwa amesimama. Kigoda kimeanguka nyuma yake. Mkono wa kulia uko juu ya swichi kubwa ya ukutani, umeibana kwa nguvu mpaka mishipa imesimama, na macho ameyafumba. Hatua chache mbele yake, kwenye rafu, nyaya mbili zilikuwa zinawaka moto mdogo wa njano, zinadondosha matone ya plastiki nyeusi sakafuni. Tone moja lilikuwa limeangukia mguu wake na kuganda pale juu ya kidole. Hakuwa ameuondoa mguu.

"Nimezima," akasema bila kufumbua macho. "Nimezima, mwanangu. Sijui kama nimezima vizuri."

Nikageuka kukimbilia maji. "Si maji!" Cheche akanguruma nyuma yangu, akaibeba ile ndoo ya mchanga na kuimwaga yote juu ya rafu. Moto ukafa. Upande wa pili wa ukuta ule, nilipopapasa kutokea chumbani kwangu, ukuta ulikuwa na joto, na gunia la vipande vya sponji lilikuwa limeuegemea.

Ilibidi nimfungue mama vidole kimoja kimoja. Hakuweza kuviachia mwenyewe. Tulimkalisha kitandani kwake, nikammwagia maji baridi mguuni kwa muda mrefu, Cheche akaenda kumwita muuguzi. Mama aliangalia ukuta tu.

Mume wangu alifika analia. Alikuwa amelia njia nzima, uso umevimba. Alipiga magoti, akamshika mama yake miguu, akakiona kile kidonda, akaficha uso kwenye shuka.

"Ni mimi niliyewaharibia," mama mkwe akasema. "Nilifikiri ni uchafu."

"Si wewe, mama. Ni sisi hatukukuambia."

Ndipo nikamuuliza nililotaka kumuuliza. "Mama, nilipokupigia kelele kwenye simu, ulinisikia?"

"Nilikusikia. Ulisema nitoke."

"Sasa mbona hukutoka?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Ulisema nitoke, sauti inatetemeka. Nikajua kuna hatari, na hatari iko kwenye umeme ukirudi. Nikaenda kwenye swichi nikaibonyeza. Lakini nilipokuwa nasafisha nilishaibonyeza mara nyingi, juu, chini, sikumbuki imebaki wapi. Vile vialama vyake mimi sivijui. Taa yake ingenionyesha, na taa haiwaki bila umeme. Sasa ningetoka, nani angeizima?"

"Ungeiacha iungue!" mume wangu akasema. "Nyumba si kitu!"

"Nyumba ina watu. Mke wako anarudi saa yoyote, anaingia hapo pembeni, anakaa katikati ya vitambaa vyake." Akaukunja na kuukunjua mkono wake wa kulia. "Nilisimama nimeishika. Nikasema taa ikiwaka tu, nabonyeza upande wa pili. Ikawaka, nikabonyeza. Ni ule muda mdogo tu katikati ndio umelipuka."

Nilikitazama kile kigoda kupitia mlango, mahali alipokaa miezi yote ile, na nikaona kwa mara ya kwanza mahali penyewe palivyo. Si kule kwenye rafu, kwenye joto. Karibu na mlango. Chini ya swichi.

"Mama," nikasema, "wewe ulikuwa huoti joto mle."

"Joto la nini? Lilikuwa linanipa kizunguzungu." Akavuta shuka juu ya magoti. "Siku ile ulipomwambia itatuunguza, nilisikia. Nikasikia na alivyokujibu. Nikasema huyu mtoto amefurahi, hatasikia la mtu sasa hivi. Na wewe usingesema tena, nakujua. Basi mtu mmoja inabidi akae pale aangalie. Ninyi bado mna maisha. Nikasema kama ni lazima mtu awe mle, niwe mimi."

"Kila siku?" mume wangu akauliza.

"Kila siku. Ukirudi nyumbani ndipo nilipokuwa natoka."

"Ulikuwa unaogopa?"

"Nilikuwa naogopa sana," mama mkwe akasema. Alilisema wazi, kama mtu anayetaja jina lake. Mimi niliyejiita mwoga miaka yote niliinamisha uso.

Mume wangu akainuka, akaondoka. Tukamsikia stoo akichomoa, akikata kwa koleo, akiburuta vyuma kwenye korido mpaka uani. Akamwita fundi umeme kwa simu, akamwambia aje leo, si kesho, aiondoe ile laini ukutani. Kisha akarudi akakaa sakafuni kando ya kitanda, mikono myeusi.

"Imeisha, mama," akasema. "Lala."

"Umekata kabisa?"

"Kabisa. Twende nikuonyeshe?"

Akafikiri. "Hapana," akasema, akajilaza ubavu, na kabla muuguzi hajamaliza kufunga kidonda alikuwa ameshalala, mdomo wazi. Sikuwa nimewahi kumwona akilala mchana. Alilala alasiri yote. Alikoroma kama mtu aliyebeba mzigo kutoka mbali sana. Mimi nilikaa upande huu wa kitanda, mume wangu upande ule, hakuna aliyethubutu kwenda hata kunywa maji. Kila alipokatisha kukoroma tulisimama sote wawili kwa pamoja, tukamwinamia, tukasubiri pumzi inayofuata.